Kozi ya utangulizi wa nyurosayansi chuoni: nusu ya kwanza moto, nusu ya pili jipange mwenyewe

Kila semista ikikaribia maswali ni yale yale, eti hii kozi ya utangulizi wa nyurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu, ikoje, inakamata watu au haikamati, na mtu ambaye sio wa udaktari anaiweza kweli? Wengi kinachowaogopesha ni majina. Wamesikia kuna majina ya kilatini ya kila kona ya ubongo basi wanakimbilia kozi nyingine. Mimi nimeshaimaliza, lekcha nimekaa, praktikali nimefanya, kitabu nimekisoma chote, sasa naandika tathmini yangu ili mtu aamue akiwa anajua anachokwenda kukutana nacho. Jibu la haraka: ichukue. Ila ujue majina sio kipimo cha hii kozi. Kipimo chake ni umeme wa seli, hicho kipande kikikukaa vizuri kichwani kozi yote iliyobaki unaiburuza, kikikupita unabaki unakariri mpaka usiku wa mtihani na bado hautoshelezi.

Chuo sikitaji na walimu siwataji, na wala hakuna haja maana silabasi za utangulizi zinafanana karibu kila mahali: seli kwanza, halafu umeme wake, halafu sinapsi (pale seli moja inapopeleka ujumbe kwa nyingine), baada ya hapo hisia, mwendo, kumbukumbu, lugha, na mwishoni magonjwa. Kuna lekcha, kuna tutorio, kuna praktikali, kuna kwizi za hapa na pale na mtihani wa mwisho. Kwa hiyo nitakayosema hapa mengi utayakuta popote utakaposoma.

Lekcha ya kwanza niliipenda kuliko nilivyotegemea. Badala ya kutuonyesha mchoro wa ubongo wenye mishale, lekchara alianza na swali: ubongo wa mtu una nyuroni ngapi, yaani seli zinazopeleka ujumbe kwa umeme, na tumejuaje? Miaka mingi watu walikuwa wanasema bilioni 100, vitabu vinarudia, walimu wanarudia, na hakuna anayeweza kukuonyesha nani alihesabu. Mwaka 2009 mtafiti wa Brazil Suzana Herculano-Houzel na wenzake wakatoa hesabu yao, kama bilioni 86, na njia waliyotumia ni ya akili sana, wanasaga ubongo unakuwa supu, viini vya seli vinabaki vizima humo ndani, wanavitia rangi, wanatofautisha vya nyuroni na visivyo vya nyuroni, halafu wanahesabu kwenye sampuli ndogo na kupiga hesabu ya jumla. Na kwenye hizo bilioni 86, karibu 69 ziko kwenye serebelamu, kile kibonge kidogo cha nyuma, gamba la juu tunalolisifia kila siku lina kama 16 tu. Napenda mwalimu anayeanza hivi kwa sababu anakufundisha kuuliza "umejuaje" kabla hujaanza kumeza chochote. Hapo hapo akalimaliza na lile dai la kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, ubongo una uzito kama asilimia 2 ya mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati ukiwa umepumzika, mwili gani utalipa gharama hiyo kwa kitu ambacho asilimia 90 hakifanyi kazi.

Halafu ikaja habari ya Golgi na Cajal, watafiti wawili wa zamani wa seli za ubongo, ambayo lekchara aliipitia haraka na mimi naona alipaswa kukaa nayo. Golgi aligundua mwaka 1873 namna ya kutia rangi ambayo inapaka seli chache tu kati ya nyingi, kwa hiyo unaziona nzima na matawi yake yote. Cajal akaichukua rangi hiyo hiyo, akaangalia, akachora, akasema hizi ni seli zinazojitegemea. Golgi yeye akashikilia kwamba yote ni wavu mmoja ulioungana. Wakapewa Nobel pamoja mwaka 1906 na Golgi kwenye hotuba yake akaendelea kuupinga msimamo wa mwenzake. Rangi moja, darubini zile zile, na watu wawili wanaona vitu tofauti kabisa. Kwa mtu anayeanza sayansi hilo ni somo zito, lisipitishwe kwa slaidi moja.

Sasa twende kwenye umeme, ndiyo sababu yenyewe ya mimi kuandika.

Kwa kweli hiki kipande kilifundishwa vizuri mno. Unaanza na vitu viwili tu. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, kama milimola 140 kwa lita, nje kama 5. Sodiamu ni kinyume, nje kama 145, ndani kama 15. Utando wa seli hauruhusu ioni, yaani chembe zenye chaji kama hizi mbili, kupita hovyo, zinapita kwenye milango yake maalumu. Sasa seli ikiwa imetulia milango iliyo wazi zaidi ni ya potasiamu, kwa hiyo potasiamu inavuja kwenda nje kwa sababu ndani imejaa, na kila inayotoka inabeba chaji chanya, ndani kunabaki hasi, na ule uhasi unaanza kuivuta potasiamu irudi. Inafika mahali msukumo wa kutoka na mvuto wa kurudi vinalingana. Hapo ndipo mlinganyo wa Nernst unapokaa, ule unaokupa volti ya mahali hapo pa kulingana, ukiingiza hizo namba kwa joto la mwili unapata kama milivolti -89 kwa potasiamu na kama +60 kwa sodiamu. Na seli yenyewe ikipimwa inasoma kama -70. Kwa nini -70 na sio -89? Kwa sababu kuna sodiamu kidogo nayo inavuja kuingia na inaivuta volti juu kidogo. Basi. Hakuna uchawi, ni nani ana milango mingi iliyo wazi kwa wakati huo, huyo ndiye anayeivuta volti kuelekea kwake.

Lekchara alituachia sentensi hiyo ya mwisho ubaoni wiki nzima na mimi naona ndiyo sentensi ya thamani kuliko zote kwenye kozi. Maana wimbi la umeme la nyuroni sio jambo jipya, ni sentensi hiyo hiyo ikiwa kwenye mwendo: milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inachukua usukani, volti inaruka kuelekea +60, kabla haijafika milango ya sodiamu inajifungia na ya potasiamu zaidi inafunguka, volti inarudi chini na inapitiliza kidogo chini ya pale ilipoanzia. Yote haya ndani ya kama milisekunde moja au mbili. Na kwa kuwa milango ya sodiamu ikishajifungia haifunguki tena papo hapo, wimbi haliwezi kurudi lilikotoka, linaenda mbele tu. Ukielewa hivi huhitaji kukariri mchoro, unauchora mwenyewe kutoka kichwani na kila kona ya mstari unajua nani kaisababisha.

Kuna mahali watu wengi wanapotelea na naomba usome hapa taratibu. Ile pampu ya sodiamu na potasiamu, inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, watu wanadhani ndiyo inayotengeneza ile -70 na ndiyo inayorudisha volti chini baada ya wimbi. Hapana. Mchango wake wa moja kwa moja kwenye volti ni milivolti chache tu. Kazi yake kubwa ni kulinda tofauti ya kiasi cha ioni ndani na nje kwa muda mrefu. Wimbi moja linahamisha ioni kidogo sana ukilinganisha na zilizopo, ndio maana aksoni kubwa ya ngisi, yaani ule mkia mrefu wa nyuroni unaopitisha mawimbi, hata ukiiwekea sumu ya kuinyima pampu nguvu, bado inaendelea kupitisha mawimbi kwa muda kabla haijachoka. Swali hili lilikuja kwenye kwizi na lilichinja watu, na nimekuta madesa mengi yanayozunguka yameandika vibaya hapo hapo, kwa hiyo usiamini desa lolote hujalipima na kitabu.

Na hii hesabu sio ya mapambo. Kwenye tutorio tuliulizwa, potasiamu ya nje ikipanda kutoka 5 kwenda 10 nini kinatokea? Unaingiza kwenye Nernst, -89 inakuwa kama -70, maana yake volti ya kupumzika ya seli nayo inapanda, seli inakaa karibu na ukingo wa kurusha wimbi, na ikikaa hivyo kwa muda milango ya sodiamu inajifungia na seli inashindwa kufanya kazi kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini manesi wamekatazwa kusukuma potasiamu haraka kwenye mshipa, moyo nao unaendeshwa na ioni hizi hizi. Namba moja imebadilika kutoka 5 kwenda 10 na mtu anaweza kufa. Waliokuwa wa uuguzi darasani kwetu siku hiyo walikaa kimya kabisa wakiandika.

Historia yake nayo imewekwa vizuri. Watafiti Hodgkin na Huxley, makala za 1952, walimtumia ngisi kwa sababu ana aksoni moja nene inayoweza kufika karibu milimita moja, unaweza kupitisha waya ndani yake. Walikuwa wanaishikilia volti isisogee halafu wanapima mkondo wa ioni unaopita, wakatenganisha wa sodiamu na wa potasiamu, wakaandika milinganyo, na Huxley akaipigia hesabu kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono kwa sababu kompyuta ya chuo ilikuwa haipatikani wakati huo. Mstari uliotoka kwenye hesabu ukafanana na wimbi halisi la ngisi. Nobel wakapata 1963. Kilichonigusa ni kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuuona mlango wa ioni kwa macho, waliukisia kutoka kwenye mikondo tu na wakapatia.

Praktikali ya kompyuta iliyofuata ndiyo bora kwenye kozi. Unapewa programu yenye nyuroni ya kuigiza, unashusha sodiamu ya nje iwe nusu, unaona kilele cha wimbi kinashuka lakini volti ya kupumzika haitikisiki. Unaigiza sumu ya samaki bunju, ile tetrodotoksini, inayoziba milango ya sodiamu, wimbi linapotea kabisa na mstari unabaki umelala. Unaziba ya potasiamu, wimbi linapanda vizuri tu lakini kushuka linajikokota. Nashauri usikimbilie kujaza ripoti, kila kitu kabla hujabonyeza andika unategemea nini kitatokea, halafu bonyeza. Pale unapotegemea hivi na kompyuta ikakuonyesha vile, hapo ndipo penye elimu.

Sinapsi nayo iko vizuri. Walianza na jaribio la mtafiti Otto Loewi, 1921, mioyo miwili ya chura kwenye maji ya chumvi, anausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza unapunguza kasi, anachukua yale maji anayaweka kwenye moyo wa pili, na wenyewe unapunguza kasi ingawa haujaguswa na mshipa wowote. Kwa hiyo kuna kemikali. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jaribio hilo alilipata usingizini. Kutoka hapo unaingia kwenye kalsiamu, wimbi likifika mwisho wa aksoni linafungua milango ya kalsiamu, kalsiamu inaingia, vifuko vyenye kemikali vinapasukia nje, kemikali inavuka na kushika vipokezi vya upande wa pili. Kilichonifurahisha ni namna lekchara alivyokataa kabisa ile lugha ya kusema dopamini ni kemikali ya furaha. Alisema kemikali yenyewe haina tabia, tabia iko kwenye vipokezi na kwenye milango inayofunguliwa, kemikali ile ile inaweza kuamsha seli hii na kuituliza ile. Hata gaba, kemikali nyingine ya sinapsi tunayosema inatuliza, kwenye nyuroni changa ambazo ndani zina kloraidi nyingi (ioni yenye chaji hasi) inaweza kuisisimua seli, kwa sababu kloraidi inatoka badala ya kuingia. Unaona? Ni ile sentensi ya ubaoni tena. Na ukifika kwenye ugonjwa wa Parkinson, ambao ubongo unapungukiwa dopamini, unaelewa kwa nini mgonjwa hapewi dopamini yenyewe, haivuki ukuta ulioko kati ya damu na ubongo, anapewa levodopa inayovuka na kugeuzwa dopamini humo ndani.

Kitabu cha kozi ni kinene na kizito kubeba, michoro yake mizuri sana, maelezo ya umeme ni marefu lakini yanajitosheleza. Kwa nusu ya kwanza toleo la zamani linatosha kabisa, fizikia ya utando haijabadilika. Soma kabla ya lekcha, sio baada.

Haya, nusu ya pili. Hapa nisiwafiche, kozi inashuka.

Walibadilisha lekchara, na mwendo ukabadilika nao. Thalamasi, ganglia za msingi, serebelamu, mfumo wa limbiki, slaidi zinapita mbio, kila moja ina picha yenye mishale na chini yake mstari mmoja wa "kazi yake". Amigdala: hofu. Hipokampasi: kumbukumbu. Serebelamu: usawa. Mwanafunzi anaondoka na orodha ya majina na maneno mawili mawili, na kwizi zinamlipa kwa orodha hiyo hiyo, weka jina kwenye mshale namba fulani. Inaniuma kwa sababu darasa lilelile lilikuwa limeshaonyesha linaweza kufikiri. Watu waliopiga hesabu za Nernst wiki chache nyuma wanarudishwa kukariri majina ya mifereji ya gamba la ubongo, na zile bilioni 69 za serebelamu tulizozishangaa siku ya kwanza zinaishia kwenye neno moja tu, usawa.

Dawa yake ipo na nawapa bure. Kila sehemu wanayokutajia jiulize maswali matatu, taarifa inaingia kutoka wapi, inatoka kwenda wapi, na njia ikikatwa hapa mtu atapoteza nini. Chukua uti wa mgongo. Tumepewa slaidi yenye majina ya njia zinazopanda na zinazoshuka, ukiikariri hivyo hivyo itakupotea ndani ya wiki mbili. Sasa chora mwenyewe. Hisia ya mguso wa makini na ya kujua kiungo chako kiko wapi inaingia upande wa kulia, inapanda upande huo huo wa kulia mpaka chini ya ubongo ndipo inavuka kwenda kushoto. Maumivu na joto na baridi vinaingia upande wa kulia lakini vinavuka mapema, humo humo ndani ya uti wa mgongo karibu na vilipoingilia, halafu vinapanda upande wa kushoto. Amri ya kutembea inashuka kutoka ubongoni, nyingi yake inavuka chini ya ubongo, kisha inashuka upande wa misuli inayoihusu. Umechora? Sasa kata nusu ya kulia ya uti wa mgongo katikati ya mgongo. Mguu wa kulia unakosa nguvu na haujui uko wapi, lakini ukiuchoma sindano unasikia maumivu. Mguu wa kushoto unatembea vizuri na mguso unausikia, lakini ukiuchoma au ukiuwekea barafu hausikii. Madaktari wanauita huu hali ya Brown-Séquard, na mtu asiyechora hawezi kuuelewa hata akikariri mara ngapi, aliyechora mara moja anaweza kuutengeneza kutoka kichwani miaka mitatu baadaye. Swali kama hili lilikuja kwenye mtihani wa mwisho na lilikuwa na maksi nyingi, wakati kwenye lekcha njia hizi zilipewa dakika chache sana. Hiyo sio haki kwa mwanafunzi na nimeiandika pia kwenye fomu ya tathmini ya kozi.

Kwenye hisia napo kuna utamu ambao kozi inautaja bila kuufungua. Jicho, seli zinazopokea mwanga, unategemea mwanga ukiingia ziamke. Hapana, gizani ndiko zinakokuwa na milango wazi, sodiamu inaingia, zinamwaga glutamati, kemikali yao ya kupeleka ujumbe, muda wote, mwanga ukija milango inafungwa, volti inashuka na zinamwaga kidogo. Zinatoa habari ya mwanga kwa kunyamaza. Sikio nalo, zile seli za vinywele zimechovya vichwa kwenye majimaji yaliyojaa potasiamu, kwa hiyo kinywele kikipinda na mlango ukafunguka potasiamu inaingia ndani badala ya kutoka na inaipandisha seli. Aliyeelewa wiki za mwanzo anaona mara moja kwa nini inawezekana, aliyekariri kwamba "potasiamu inatoka" anachanganyikiwa na anadhani kitabu kimekosea. Ningekuwa mimi napanga silabasi hizi mbili ningeziweka kama mtihani wa umeme, sio kama sura mpya.

Visa vya wagonjwa vilipewa muda, na kwa ujumla vilisimuliwa vizuri isipokuwa cha Phineas Gage. Huyu ni yule msimamizi wa ujenzi wa reli Marekani, 1848, chuma cha kushindilia baruti kikapita shavuni na kutokea juu ya kichwa akapona. Tukaambiwa kwamba aligeuka mtu mwingine kabisa, mkorofi, asiyefaa kazi, nukta. Lakini Gage aliishi mpaka 1860 na kwenye miaka hiyo aliendesha magari ya farasi ya abiria kule Chile, kazi inayotaka mipango na kushughulika na watu kila siku. Kwa hiyo swali la kuvutia zaidi, ubongo ulijirekebishaje, halikuulizwa. Tofauti na hapo kisa cha Henry Molaison kilifundishwa kwa heshima na kwa kina. Alifanyiwa upasuaji 1953 kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota akiangalia mkono wake kwenye kioo, kila siku anakuwa bora zaidi, na kila siku anasema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kumbukumbu sio kitu kimoja. Lekchara akatuacha tukae na hilo kidogo kabla ya kuendelea na nilimshukuru.

Praktikali ya ubongo wa kondoo inahitaji aya yake. Unaingia maabara, harufu ya dawa ya kuhifadhia inakupiga machoni kwanza, unavaa glavu na koti, mnapewa ubongo mmoja kwa kikundi. Ni mgumu kuliko nilivyodhani, dawa imeukaza, ukiwa hai unakuwa laini sana. Unaugeuza kwanza uangalie chini, pale mbele kuna vibonge viwili vya kunusia, kwa kondoo ni vikubwa waziwazi kuliko vya mtu, nyuma yake kidogo mishipa ya macho inakutana inafanya alama ya msalaba. Halafu unakata katikati kwa mkato mmoja mrefu, usisage na kisu, na nusu mbili zikiachana unaona ule utepe mweupe unaounganisha pande mbili, na kwenye serebelamu unatokea mti mweupe wenye matawi. Michoro yote ya slaidi ikakaa sawa kwangu kwa ile saa moja. Thalamasi ilikuwa jina, sasa ni kitu nimeweka kidole juu yake na najua kipo jirani na nini.

Lakini vikundi ni vikubwa mno, wanaokata ni wawili watatu na wengine wanachungulia mabegani, na mishipa ya fahamu ya kichwani mingi ilikuwa imeshakatika wakati wa kuutoa ubongo kwenye fuvu kwa hiyo msitegemee kuiona yote 12. Wahi mapema, simama karibu na meza, omba kushika kisu. Hakuna atakayekuitia.

Namna ya kusoma. Kusoma noti mara nyingi na kupaka rangi za maka kunakupa raha lakini hakukai. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima wenyewe walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa dakika chache baada ya kusoma waliorudia ndio walioonekana bora. Kwa kozi hii maana yake ni karatasi tupu. Chukua karatasi, chora wimbi na uandike ioni gani kila sehemu, chora sinapsi, chora njia za uti wa mgongo, halafu ndio ufungue kitabu uone umeacha nini. Diskasheni nazo zinasaidia kama kila mtu anapewa kitu cha kueleza bila kuangalia, zile za mtu mmoja kusoma slaidi kwa sauti na wengine kutikisa kichwa ni kupoteza jioni.

Kwa nani inafaa? Wa saikolojia wasome bila kufikiria mara mbili, wataacha kuzungumzia ubongo kwa kukisia. Wa kompyuta watapenda nusu ya kwanza hasa, na wataona wazi kwamba nyuroni halisi ina mambo mengi kuliko zile duara za kwenye mitandao ya kujifunza ya mashine. Wa uuguzi na udaktari hawana uchaguzi ila wasiichukulie kama kozi ya kupita tu. Mwenye kuchukia hesabu namwambia hesabu yenyewe ni logi na mlinganyo mmoja, inawezekana kabisa. Nusu ya kwanza naipa nyota 5 kati ya 5 bila kusita, praktikali 4 kwa sababu ya msongamano, nusu ya pili 2 na nusu, na hizo 2 na nusu nyingi ni za kisa cha Molaison.

Kama unaanza semista ijayo, kabla ya wiki ya kwanza rudia logi za msingi wa kumi, rudia maana ya chaji na volti, na hakikisha unajua ioni kwenye maji zinafanyaje. Halafu kwenye tutorio ya kwanza muulize mwalimu vikundi vya maabara vinapangwaje, maana kwetu vilijazwa siku hiyo hiyo na waliochelewa waliwekwa pamoja kwenye meza moja ya nyuma yenye watu wengi kuliko zote.